Taa ya oili huwaka injini ikipata moto: je, ni pampu kweli?

Swali: "Shikamoo fundi. Gari langu lina injini ya petroli ya silinda nne na limeshatembea kilomita 210,000. Asubuhi halina shida yoyote. Nikiendesha kama nusu saa, injini ikishapata moto, kila nikisimama kwenye foleni taa nyekundu ya oili inaanza kupepesa. Nikikanyaga mafuta kidogo inazima. Oili nimepima, iko kwenye kiwango. Fundi wangu anasema pampu ya oili imekufa na lazima ibadilishwe. Je, yuko sahihi? Na pampu mpya niitunzeje isije ikafa tena?"

Marahaba. Nianze na ombi: gari hilo lisitembee tena mpaka presha ya oili ipimwe kwa geji. Watu wengi huiona taa ile wakadhani inasema oili imepungua, wakachomoa kijiti cha kupimia oili, wakakuta imejaa, wakapumua. Taa nyekundu haijui kuna oili kiasi gani kwenye sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Inachokijua ni presha, na swichi nyingi zimetengenezwa ziiwashe presha ikishuka hadi kama 0.3 mpaka 0.5 bar. Hapo umeshafika chini kabisa. Si taa ya kukuonya mapema. Ikipepesa, krankishafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, iko karibu kulala juu ya beringi zake bila godoro la oili katikati.

Fundi wako huenda yuko sahihi. Lakini kwa maelezo uliyonipa, pampu mimi ningeiweka nyuma kwenye foleni ya watuhumiwa, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa kuliko kitu kingine chochote kwenye mfumo wa oili. Kazi yake ni kusukuma oili itembee, basi. Presha inatokana na ugumu oili inaoupata njiani. Shika mpira wa kumwagilia maua: maji yakitoka wazi yanaangukia miguuni pako, ukiziba mdomo wake kwa kidole gumba maji yaleyale yanaruka mbali. Bomba halikubadilika, ila njia ya kutokea imebanwa.

Kwenye injini, kidole gumba ni ule mwanya mdogo kati ya krankishafti na beringi zake, na kati ya kamshafti, mhimili unaofungua valvu, na vikalio vyake. Injini ikiwa mpya mwanya huo ni mwembamba kuliko unywele. Beringi zikilika unapanuka, na hapa pana hesabu inayowashangaza wengi: mwanya ukiongezeka mara mbili, oili inayovuja kupitia hapo inaongezeka takriban mara nane. Pampu inaweza kuwa nzima kabisa ikafanya kazi yake yote, na presha isionekane.

Sasa itazame dalili yako. Asubuhi oili ni nzito, inapita kwa shida, presha inakuwepo. Ikipata moto inakuwa nyepesi. Ukisimama kwenye foleni pampu inazunguka polepole, oili nyepesi inavuja haraka kuliko inavyosukumwa, taa inapepesa. Ukikanyaga, pampu inaongeza kasi, taa inazima. Hadithi hiyo inalingana na pampu iliyolika, ndiyo. Inalingana vilevile na beringi zilizolika, na oili isiyo yake, na oili iliyochanganyika na petroli, na valvu ya kupunguza presha iliyokwama, na hata swichi mbovu inayodanganya. Kwa kuitazama taa peke yake hakuna fundi, mimi nikiwemo, anayeweza kukwambia ni kipi.

Anza na vitu visivyohitaji spana. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kama kinanuka petroli, au kiwango kimepanda bila wewe kuongeza kitu, kuna petroli inayoshuka kwenye sampu, pengine kwa sindano ya petroli inayovuja au kwa safari fupifupi zisizoipa injini muda wa kupata moto. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji ya rejeta yameingia, na hapo suala la pampu liweke kando kabisa. Kiwango kikiwa juu ya alama ya mwisho nacho ni kibaya: krankishafti inaipiga oili mpaka inatoa povu, na povu halijengi presha. Kisha jiulize mara ya mwisho kwenye sevisi iliwekwa oili gani. Kitabu cha gari kikisema 5W-30, ndiyo hiyo. Namba ya pili inaeleza uzito wake injini ikiwa na moto, na hapo ndipo tatizo lako lilipo.

Halafu uende kwenye geji. Swichi ya oili inafunguliwa, mahali pake inafungwa geji ya mshale yenye mpira wake, injini inapashwa moto sawasawa. Usiharakishe hapa. Oili huchelewa kupata moto kuliko maji, kwa hiyo subiri mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima kama mara mbili. Soma presha injini ikinguruma bila kukanyagwa, kisha ipandishe hadi mizunguko 3,000 kwa dakika usome tena. Namba sahihi ziko kwenye kitabu cha ufundi cha injini yako. Ili upate picha tu, Toyota katika vitabu vya injini zake ndogo kadhaa za petroli huridhika na kPa 29 injini isipokanyagwa, yaani 0.3 bar hivi, mradi kwenye mizunguko 3,000 ipande vizuri, mfano kPa 245 hadi 490. Kuna kanuni ya mafundi wa zamani ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, ambayo ni kama 0.7 bar. Inafaa kwa kukisia, lakini usimhukumu mtu kwayo.

Namba zikiwa nzuri, swichi ndiyo mwongo. Ibadilishe, kazi imeisha, na ndiyo maana napenda geji ianze kabla ya sampu. Zikiwa za chini bila kukanyaga lakini zinapanda vizuri ukikanyaga, wazo la kwanza ni beringi au oili nyepesi, pampu baadaye. Zikiwa za chini kote na hazitaki kupanda, hapo pampu yenyewe au valvu yake ya kupunguza presha imekuja mbele. Na kuna namna moja ninayoipenda kwa sababu haifichi kitu: presha inapanda, halafu ukizidi kukanyaga inashuka. Hiyo ni pampu inayokosa pumzi. Inataka kunyonya, na chini kumeziba.

Niliwahi kuletewa gari la namna hiyo. Lilikuwa limeshabadilishiwa pampu mara mbili kwingine, na mwenyewe alikuja na ya tatu mkononi, bado iko kwenye boksi. Dalili yake ilikuwa kinyume na yako: taa ilikuwa inawaka akiwa mwendo kasi. Nilishusha sampu, nikageuza lile chujio la chini ambalo pampu hunyonyea, nikakuta wavu wake umejaa vipande vya silikoni ya kijivu, virefu vyembamba kama minyoo. Mtu alikuwa anaipaka kwa ukarimu kwenye ukingo wa sampu kila alipoifunga. Ukikaza bolti, silikoni iliyozidi hutoka pande mbili. Ya nje unaiona na kuifuta, ya ndani inakauka, inakatika, inasafiri na oili. Kwa hiyo kila pampu mpya ilikuwa inaletewa silikoni mpya. Tulisafisha, tukafunga, na pampu ya tatu ikarudi ilikotoka ndani ya boksi lake.

Chujio hilo la chini lina jirani ambaye hasemwi: oringi ndogo ya mpira pale bomba la kunyonyea linapoingia kwenye pampu. Ikikauka na kuwa ngumu, pampu inanyonya hewa pamoja na oili. Hutaona inavuja popote, kwa sababu iko upande wa kunyonya. Hewa inaingia, oili haitoki. Nimeona injini zikipigwa ovahoo nzima, na oringi ya zamani ikarudishwa palepale.

Tuseme sasa vipimo vimeonyesha, sampu imeshuka, chujio ni safi, na pampu imetolewa. Ifungue uitazame kabla ya kuihukumu. Injini nyingi za siku hizi zina pampu ya rota mbili, moja ndani ya nyingine. Ya ndani ina jino moja pungufu kuliko ya nje, na nafasi inayofunguka na kujifunga kati yao ndiyo inayobeba oili. Nyingine zina gia mbili zilizoshikana. Kitu cha kukumbuka ni kwamba pampu ndiyo inayokunywa oili ambayo haijachujwa. Filta iko baada yake. Kila chembe iliyo ndogo kuliko matundu ya ule wavu wa chini inapita katikati ya meno ya pampu kwanza, ndipo ikamatwe na filta.

Pitisha ukucha juu ya mfuniko wa pampu upande wa ndani. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo wa mviringo, mfuniko umelika, na upotevu wa pembeni ndio unaoiua pampu kuliko wa kati ya meno. Weka rula ya chuma juu ya mdomo wa pampu, ingiza fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia mwanya, kati yake na rota. Kwa injini nyingi mwanya huo ukizidi 0.1 hadi 0.15 mm pampu imekwisha. Kati ya ncha za rota mbili kikomo huwa kati ya 0.2 na 0.35 mm hivi. Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Chomoa na valvu ya kupunguza presha, ile pistoni ndogo yenye springi. Ipake oili, irudishe kwenye tundu lake bila springi: inatakiwa iteremke yenyewe kwa uzito wake. Ikikwama nusu njia, umempata mwizi. Chembe moja ya chuma inatosha kuishikilia wazi, na oili yote ikawa inarudi kwenye sampu kabla haijafika kwenye beringi.

Angalia pia kinachoizungusha pampu. Ipo inayokaa moja kwa moja kwenye pua ya krankishafti, ipo ya cheni, ipo ya kijiti. Kwenye baadhi ya injini za Volkswagen 2.0 TDI zenye shafti za kutuliza mtetemo, kijiti kifupi cha pembe sita kinachozungusha pampu kiliwahi kujipatia jina baya: pembe zinalika, kijiti kinazunguka bure, na pampu ambayo haina kosa inasimama kimya.

Kwa kuwa sampu imeshashushwa, na kilomita zako ni 210,000, fungua kofia ya beringi moja ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krankishafti, uitazame. Beringi nzuri ina uso wa kijivu ulio laini. Ikionyesha rangi ya shaba, au imechanwa mistari, presha yako imepotelea hapo, na pampu mpya itakununulia wiki chache tu. Mtu atakushauri uweke pampu yenye uwezo mkubwa zaidi, au oili nzito zaidi. Oili nzito itanyamazisha taa, sikatai, na kwa gari linalosubiri zamu ya ovahoo nimeshaona watu wakiishi nayo. Lakini haijengi beringi, na kwenye injini yenye mfumo wa kubadili taimingi ya valvu, yaani wakati zinapofunguka, kwa nguvu ya oili inaweza kuleta matatizo mengine.

Ikiwa pampu ndiyo yenye kosa, hii hapa kazi yenyewe. Ugumu wake unategemea ilipo. Iliyo ndani ya sampu hutoka baada ya kumwaga oili na kushusha sampu. Iliyo mbele, nyuma ya mfuniko wa taimingi, inadai puli ya krankishafti itoke, belti au cheni itoke, na alama za taimingi ziwekwe kabla hujagusa chochote. Ikifika hapo, badilisha na sili ya mbele ya krankishafti, na belti kama umri wake umesogea. Kurudia kazi hiyo yote kwa ajili ya sili ni uchungu usio wa lazima.

Nyuso za kufungia zisafishwe kwa kikwaruzo cha plastiki au cha mbao na kitambaa kisichoacha nyuzi. Usiruhusu mtu kutumia kisahani cha kusugulia kinachofungwa kwenye mashine ya kuzungusha. Vile visahani vina unga mgumu unaotawanyika, na ukiingia kwenye oili unasaga beringi mpya kama msasa. Silikoni, pale inapotakiwa, iwe uzi mwembamba wa milimita 2 au 3, na iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kumimina oili. Chujio la chini lisafishwe au lifungwe jipya, oringi iwe mpya bila mjadala, bolti zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Mwili wa pampu mara nyingi ni wa alumini. Ukiukaza kwa hasira unapinda, na rota zinaanza kusugua.

Halafu kuna hatua ambayo ikirukwa inaua injini ndani ya dakika: pampu kavu hainyonyi. Rota mpya zilizokauka haziwezi kuvuta oili kutoka chini, zinazunguka na hewa tu. Kabla ya kufunga mfuniko, jaza pampu oili ya injini au mafuta ya mgando ya kujipaka, yale meupe ya kawaida yanayoyeyuka, huku ukiizungusha kwa mkono. Grisi usitumie, haiyeyuki vizuri na inaweza kwenda kuziba njia. Filta ikiwa imesimama wima mdomo juu, ijaze oili safi kabla ya kuifunga.

Baada ya kumimina oili, usiwashe kama kawaida. Chomoa fyuzi ya pampu ya petroli na uzime umeme wa plagi, kisha zungusha kwa stata sekunde kumi, pumzisha, zungusha tena, huku geji ikiwa bado imefungwa mahali pa swichi. Mshale ukishanyanyuka, rudisha kila kitu na uwashe. Usikanyage. Kama mshale umerudi chini na haupandi ndani ya sekunde chache, zima hapohapo ufungue tena; hakuna cha "acha ijizoeze kidogo". Tazama uvujaji, pasha injini moto, pima presha kama mwanzo, ndipo swichi irudi mahali pake. Kama pampu ya zamani ilikuwa imekwaruzwa na chuma, mwaga oili hiyo mpya mapema, baada ya kilomita 500 hadi 1,000, na uikate filta uitazame ndani. Vumbi linalometa kidogo si ajabu. Vipande vinavyoonekana kwa jicho vinasema kuna kitu bado kinasagika.

Umeniuliza pia habari ya kuitunza. Pampu yenyewe haina sehemu ya kupaka wala kukaza. Inatunzwa kupitia oili. Badilisha oili na filta pamoja kwa wakati, na gari linaloshinda foleni au kwenye safari fupi lihesabie muda mfupi kuliko ulioandikwa kwenye kitabu. Filta ya ovyo mara nyingi haina kile kimpira kizuri kinachozuia oili kurudi chini usiku, na hapo kila asubuhi injini inagongagonga sekunde kadhaa kabla presha haijafika. Oili iliyopitiliza muda inaacha matope meusi, na matope huanzia kwenye wavu wa chini. Injini ya namna hiyo usiimwagie dawa kali ya kusafisha kwa pupa: uchafu uliokuwa umetulia utang'oka wote kwa mpigo na kwenda kwenye chujio. Nafuu kubadilisha oili mara mbili tatu kwa vipindi vifupi, iisafishe yenyewe taratibu.

Kama injini yako ina belti ya taimingi inayozunguka ndani ya oili, mfano PureTech ya 1.2 iliyofungwa kwenye magari mengi ya Peugeot na Citroën, basi hali ya belti ndiyo hali ya pampu. Ikianza kuchanika, makombo yake yanaishia kwenye wavu uleule. Na kama injini ni mpya zaidi yenye pampu inayobadilisha kiasi chake kwa amri ya kompyuta, geji inaweza kusoma presha ya chini kwenye mwendo mdogo na isiwe kosa. Hapo lazima uwe na namba za mtengenezaji na mashine ya kusomea kompyuta, vinginevyo utabadilisha pampu nzima kwa sababu ya valvu ndogo ya umeme.

Hukutaja aina ya injini yako, wala kama umesikia mlio wowote wa kugonga kutoka chini. Mlio mzito wa kugonga unaofuatana na kukanyaga kwako ni wa beringi za konrodi, na gari la hivyo lipelekwe gereji kwa kuvutwa. Mwambie fundi wako akufungie geji ukiwa umesimama pale, kisha niandikie namba zote mbili, ya injini isipokanyagwa na ya mizunguko 3,000, pamoja na namba ya oili iliyomo sasa.